Msiba, Posa na Mke wa Siri: Kutengeneza Kipindi cha Vichekesho cha Nusu Saa Lamu

Mtu akifa Alfajiri mjini Lamu, aghalabu huzikwa kabla Alasiri haijapita. Mwandishi wa vichekesho alishike hilo kwanza, kwa sababu nusu ya kipindi imo humo. Mahali ambapo maiti hulazwa mochari wiki nzima, ndugu hupata muda wa kukusanyika na siri hutoka polepole. Lamu hakuna muda huo. Tangazo likishatoka, kuna kuosha, kukafini, kuchimba kaburi, kupika, kuwapigia simu walioko Mombasa, na yote yaishe kabla watu hawajasimama safu. Kama marehemu alikuwa na mke wa pili asiyejulikana nyumbani, siri yake nayo ina muda huohuo. Mtazamaji hahitaji kuambiwa kwamba mambo ni ya haraka. Anaijua saa.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mzee wa Mkomani amefariki. Kwa miaka minane, kila Alhamisi, alisema anakwenda Matondoni kumwangalia fundi anayemjengea jahazi. Kumbe alikuwa akienda Shela kwa mke mdogo. Na siku hiyohiyo ya msiba, wazee kutoka Faza wamepanda boti mapema, kabla habari haijawafikia, wakileta posa ya mjukuu wake. Mnayo mauti, mnayo mapenzi, mnao usaliti. Kazi iliyobaki ni kuvifunga vitatu hivi kwa kamba moja.

Anza na uongo, kifo kitafuata

Waandishi wengi huanza kwa kumuua mtu kisha wakatafuta cha kuchekesha. Matokeo yake ni watu wanaojikwaa kwenye jeneza. Anza na uongo wa marehemu, uuandike kwa ukamilifu: alisema nini, kwa nani, tangu lini, na nini kilikuwa kikimsuta kila aliporudi.

Kati ya hawara na mke wa siri, chagua mke wa siri. Hawara analeta aibu tu, na aibu huisha katika onyesho moja. Isitoshe, kumtuhumu mtu zina ni jambo zito. Sheria ya Kiislamu inataka mashahidi wanne, na ukilifanya mzaha, ukumbi unanyamaza. Mke wa siri ni tofauti, kwa sababu ana haki. Atakaa eda miezi minne na siku kumi kama mwenzake. Ikiwa marehemu ameacha watoto, wake hupata thumuni, yaani moja ya nane ya mali, nao huigawana. Wakiwa wawili, kila mmoja ana moja ya kumi na sita. Na mahari ikiwa haijamalizwa kulipwa, basi ni deni, na deni hulipwa kabla mirathi haijaguswa. Mke mkubwa hawezi kumfukuza mtu mwenye haki. Hapo ndipo mchezo unapokolea.

Tena kuna jambo ambalo waandishi husahau. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa Lamu, ndoa haiswihi bila walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, na mashahidi wawili. Hesabu: walii, shahidi, shahidi, na aliyeozesha. Kwa hiyo hakuna ndoa ya siri kweli. Wapo watu wanne wanaojua, na pengine wote wamekaa kwenye daka la msiba, kile kibaraza cha mlangoni, wanakunywa kahawa, hawatazamani. Hao ndio wachekeshaji wenu. Mpe kila mmoja sababu yake ya kunyamaza. Mmoja alikuwa ndugu wa marehemu na anamwogopa shemeji yake. Mwingine alidhani bi mkubwa anajua siku zote. Wa tatu anadaiwa pesa na marehemu na angependa leo kusitajwe madeni ya aina yoyote.

Uongo uache alama, na alama ziwe za mahali. Mtu atokaye kwa mafundi wa majahazi hunuka sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo, na nguo zake huwa na vumbi la mbao. Mzee huyu alirudi ananukia udi, na viatuni mna mchanga mweupe wa Shela. Taja jambo hili dakika ya tatu, kwa wepesi, kama sifa njema: mjane anawaambia wanawake wenzake, "Hata akirudi kwa mafundi alikuwa msafi, Mungu amrehemu." Usimwache mtu yeyote acheke hapo. Sentensi hiyo ni mbegu.

Mpango wa dakika

Nusu saa ya televisheni ukiondoa matangazo ni dakika 22 hivi. Kwa kamera zinazohama, skripti iwe kurasa 28 hadi 32, kwa sababu mazungumzo ya vichekesho huenda mbio kuliko ya mkasa wa kawaida. Maonyesho 18 hadi 20 yanatosha. Waigizaji wa kusema wasizidi wanane.

Dakika mbili za kwanza ni kionjo: mzee yu hai, Jumatano usiku, anawaeleza watoto jahazi limefika wapi. Limefika palepale lilipokuwa mwaka jana. Mjukuu anauliza litashushwa lini majini. Mzee anasema, inshallah, baada ya mvua. Kata. Tangazo la kifo lisikike kwa mbali, maneno yasifahamike vizuri, na sura za watu ziseme yaliyobaki.

Dakika ya 2 hadi ya 9 siri inakaribia mara tatu. Kwanza warithi wanataka kujua jahazi liko wapi, kwani nalo ni mali. Anatumwa kijana ampigie simu fundi wa Matondoni, na fundi anajibu kwamba huyo mzee hajampa hata msumari. Pili inaingia posa ya Faza. Tatu mke mdogo anasikia habari Shela na kuanza safari. Kutoka Shela kwa miguu ufuoni ni dakika 40 au 45, lakini maji yakijaa njia hufunikwa, itambidi angoje boti. Angalieni jedwali la maji ya siku mtakayorekodi, maana mtazamaji wa Lamu ataona bahari imepwa na mtu anasema imejaa, na hamtamrudisha tena.

Dakika ya 9 hadi ya 16 mambo yanabana. Kilele kiwekwe pale ndugu wa marehemu anaposimama kabla ya sala na kusema, kama ilivyo ada, anayemdai marehemu ajitokeze kwa warithi. Watu wanainamisha vichwa. Kisha sauti moja nyuma, ya upole kabisa: kaka wa mke mdogo. "Kuna baki ya mahari." Msiongeze neno. Kata hapohapo, pumzisheni kwa matangazo.

Dakika sita za mwisho ni za wanawake, nitazifikia.

Onyesho la posa

Hili ndilo linalobeba kipindi, na ndilo linaloharibika kwa urahisi. Wazee wa Faza wanafika dakani. Wanaona wanaume wengi wamekaa kwa adabu, kahawa inapita, na wanafikiri wamepokewa kwa heshima kubwa. Kuta za mawe ni nene na wanawake wako ndani kabisa, vilio havisikiki nje. Mshenga amebeba sinia la halua lililofunikwa. Anayempokea ni Ami, nduguye marehemu, shahidi wa ile ndoa ya Shela.

MSHENGA: Maalim, tumekuja kwa jambo la kheri.

AMI: (anamtazama) Leo?

MSHENGA: Kheri haina siku. Kuna chombo chetu kimetia nanga kwenu. Tukasema, tuje mbele ya wazee, jambo litoke kizani.

AMI: (anasogea, sauti chini) Mumejua tangu lini?

MSHENGA: Sisi? Juzi tu. Vijana wana siri.

AMI: Vijana!

MSHENGA: Moyo hauzeeki, maalim.

AMI: Na… mahari?

MSHENGA: Ndiyo iliyotuleta.

AMI: Nakuombeni kitu kimoja. Ingojee tuzike.

MSHENGA: (anaweka kikombe chini) Tumzike nani?

Siri ya onyesho kama hili ni kwamba kila mstari lazima uwe kweli mara mbili. Jaribio lake ni hili: chukueni mistari ya mshenga peke yake muisome mfululizo, iwe posa safi isiyo na kasoro. Kisha msomeni Ami peke yake, awe mtu aliyefumaniwa na ndugu wa mke mdogo. Mstari wowote unaomlazimisha mmoja kuwa mpumbavu ili mwingine aendelee, ufuteni. Lugha ya posa inawasaidia, kwa sababu washenga wa kwetu hawataji jina la binti mlangoni. Watasema chombo, ua, embe lililowiva. Ndiyo maana kosa hili linaaminika Lamu.

Mistari kumi hadi kumi na miwili, basi. Ikizidi, mtazamaji atajiuliza kwa nini wasitajane majina, na akishauliza hacheki tena. Mshenga asiigize kichekesho. Ni mtu mzima anayefanya kazi ya heshima, na akishafahamu, jambo lake la kwanza liwe "Inna lillahi", kwa dhati, halafu sinia la halua litafute pa kujificha. Sinia hilo litembee kipindi kizima: lipelekwe ndani, lirudishwe, liwekwe kidakani, kile kishubaka cha ukutani, likae chini ya kiti. Halua halisi ya kilo moja inatosha kurekodia. Kwenye joto inatoa mafuta baada ya saa moja au mbili, kwa hiyo wekeni sinia mbili, moja ya karibu na moja ya kubebwa.

Wapenzi wenyewe, mjukuu na kijana wa Faza, wasipewe mazungumzo mengi. Binti yuko ndani na wanawake, kijana yuko nje. Wanapatana jambo moja tu: jeneza linapotoka, kijana anatoa bega. Nalo linatuleta kwenye onyesho la pili la thamani.

Jeneza na vichochoro

Katika mazishi, bega hupokezana. Anayepita njiani huingia chini ya jeneza, hubeba hatua kadhaa, humpisha mwingine. Mwachieni Ami na mtoto mkubwa wa marehemu wawe chini ya jeneza, na Ami ana neno moja la dharura la kumnong'oneza: "Shela." Kila anapofungua mdomo, mtu anampokea bega. Anazunguka, anaingia tena upande wa pili, anapokewa. Heshima ya mazishi imebaki kamili, hakuna aliyejikwaa, na watu watacheka hadi machozi. Kijana wa Faza ndiye pekee asiyetoka chini ya jeneza mwanzo hadi mwisho, na baba wa binti anamwona. Mapenzi yamekwisha kuamuliwa pasipo neno.

Msiazime jeneza la msikiti. Chongesheni lenu, urefu wa mita 2, upana sentimita 60, na shuka ya kijani isiyo na aya. Mtieni ndani mifuko ya mchanga, jumla kilo 40 hadi 50, imefungwa isisogee. Jeneza tupu hurukaruka mabegani, na hakuna uigizaji utakaoficha. Pimeni vichochoro kwa futi kabla ya siku yenyewe: vingine havipitishi watu wawili sambamba na jeneza kati. Jua huingia humo sawasawa kati ya saa tano na nusu na saa saba mchana. Kabla na baada ya hapo mna kivuli cha kupendeza kilicho sawa, kizuri zaidi kwa nyuso. Punda msimpangie onyesho lenye mazungumzo. Apite peke yake, mara moja, mkipata mmeshukuru.

Pasipochekwa

Kuosha maiti, sala ya jeneza, kaburini, dua. Hapo hakuna mzaha hata mmoja, na kamera ikae mbali. Msionyeshe mwili. Msiweke kicheko cha kubandika katika kipindi hiki, popote. Kitaangukia juu ya jambo ambalo mtazamaji fulani amelizika wiki iliyopita. Kanuni inayosaidia mezani kwa waandishi: kichekesho kiwe cha walio hai na shughuli zao. Jambo la marehemu linaloruhusiwa kuchekesha ni lile alilolifanya mwenyewe akiwa hai.

Wamarekani walilipatia jibu lao mwaka 1975, katika The Mary Tyler Moore Show. Mchekeshaji wa watoto wa stesheni ya televisheni anakufa akiwa amevaa kama karanga, ameuliwa na tembo. Ofisi nzima wanafanya utani na Mary anawakemea. Kufika kwenye mazishi, wao wametulia na yeye ndiye anayeshindwa kuzuia kicheko. Mambo ya kanisani kwao hayahamishiki msikitini, na msijaribu. Lakini umbo lake linafaa: mkali kuliko wote ndiye wa mwisho kucheka, na kicheko chake ni kilio kilichokosa njia. Kwetu mtu huyo ni mke mkubwa. Tangu dakika ya tatu awakataze wanawake kunong'ona.

Nyumba, sauti na majirani

Vyumba vya nyumba za kale ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari hushikiliwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio upana wa chumba: hazifiki mita 3. Mpango wa kamera tatu za studio hauingii. Tumieni mbili, zote upande mmoja wa mwisho wa chumba, moja na lenzi ya milimita 24 au 35 kwa watu wawili, nyingine ya 50 hadi 85 kwa uso. Msipigilie kitu ukutani wala kwenye zidaka. Plasta ya chokaa ya zamani inabomoka, na si yenu. Chumba cha aina hiyo kinavuma, basi tandikeni mikeka na magodoro nyuma ya kamera.

Maikrofoni ndogo chini ya buibui ndiyo inayowaangusha wengi. Kelele haitoki kwenye kitambaa, inatoka kwenye vitambaa viwili vinavyosuguana. Gundisheni maikrofoni kwa plasta pande zote mbili, kwenye nguo ya ndani na kwenye buibui, visogee pamoja, na waya uachwe na kitanzi kidogo kisivute. Misikiti ni mingi na adhana haziji kwa sekunde moja, kwa hiyo tengeni dakika kumi kila sala na msirekodi maneno. Kamera ikitoka chumba chenye kipoza hewa, lenzi hupata ukungu. Iacheni kwenye begi lake dakika 20 au 30 ishike joto la nje kwanza.

Leseni ya kurekodi na uainishaji ni vya Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya (KFCB), na kipindi kitakachorushwa kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku lazima kiwe cha kutazamwa na familia. Droni ina kibali chake cha mamlaka ya usafiri wa anga. Ngome iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Hayo ni karatasi. Lililo zito zaidi ni mtaa. Jeneza likionekana, habari itafika Mokowe, ng'ambo ya bara, kabla yenu, na mama wa mtu ataanza kulia. Mzee wa mtaa na imamu waambiwe siku mbili kabla, vikaratasi vipite nyumba kwa nyumba, na kwenye kila kona ya njia ya jeneza asimame mtu wa kueleza wapitao. Msitumie kipaza sauti cha msikiti kamwe. Ukitokea msiba wa kweli mtaani, zimeni kamera siku hiyo na mwende mkazike. Ramadhani na Maulidi msipange kazi. Aprili na Mei mvua na kusi zitakula siku zenu. Desemba hadi Machi, bahari ikiwa imetulia na kaskazi, ndio wakati wake.

Dakika sita za mwisho

Kosa la kawaida hapa ni kumleta mke mdogo akae eda nyumba ya mwenzake, kwa sababu inachekesha. Mjane hukaa eda nyumba aliyoishi na mumewe, na mtazamaji anajua. Basi aje kwa siku hiyo moja, kabla ya Magharibi, aketi kidogo, kisha arudi Shela. Muda mfupi unawabana vizuri zaidi.

Waingizeni wawili hao chumba cha ndani. Mke mkubwa ameshika kanzu ya marehemu. Anainusa, anamtazama mgeni, ananusa tena. Ule udi uko chumbani, umeingia na mgeni. Waigizaji wakae kimya hapo sekunde tano kamili. Mhariri atatamani kukata, asikate.

"Siku asizokuja kwako," anauliza mke mkubwa, "alikwambia yuko wapi?"

"Matondoni. Kwa fundi wa jahazi."

"Kwako lilifika wapi?"

"Lilibakia tanga."

"Kwangu lilibakia foromali."

(Foromali ni mti unaoshikilia tanga.) Kicheko kimtoke bi mkubwa kwanza, kidogo, puani, kisha kigeuke. Rekodini onyesho hili mwisho wa siku ya mwisho, kamera mbili pamoja, mara mbili au tatu tu, maana ya nne haitakuwa na kitu. Msiweke muziki. Mjukuu aingie na sinia la halua ambalo kutwa halikupata pa kukaa, aliweke katikati yao, atoke, na picha ibaki kwenye mikono mpaka mmoja wao amkatie mwenzake kipande.